Mvumilivu na Mficha Maradhi

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo, ukizisikia kwa mara ya kwanza, waweza kudhani kuwa hazipatani. Moja yasema, "Mvumilivu hula mbivu." Ya pili yasema, "Mficha maradhi kilio humfichua." Ya kwanza yamsifu mtu anyamazaye katika taabu yake, ya pili yamwonya. Basi, ewe msomaji, mtu aliye ugenini akipatwa na huzuni nzito moyoni, afuate ipi? Anyamaze au aseme? Mwaka 2020 swali hili liliwakabili watu wengi duniani, na baadhi yao walikuwa mama zetu, dada zetu na kaka zetu.

Tarehe 11 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza, na kabla ya mwezi kwisha ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa. Zilianza tena tarehe 1 Agosti. Katika nchi nyingi watu waliamriwa wakae nyumbani. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema, maana maradhi yaliambukiza upesi. Walakini, neno "nyumbani" lina maana gani kwa mtu ambaye nyumba alalamo si yake, na nchi aliyomo si yake?

Wafikirie wanawake wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani huko Lebanoni. Kazi yao hutawaliwa na utaratibu uitwao kafala, ambao hufungamanisha ruhusa ya mgeni kukaa nchini na mwajiri aliyemdhamini. Akimwacha mwajiri huyo bila idhini, aweza kuhesabiwa kuwa yumo nchini kinyume cha sheria. Tena, kabla ya maradhi kufika, Lebanoni ilikuwa imekwisha kupatwa na msiba wa fedha. Thamani ya pauni yake ilianguka, na wengi wa waajiri wakashindwa kulipa mishahara. Kisha maradhi yakafunga milango. Kisha, tarehe 4 Agosti, mlipuko mkubwa katika bandari ya Beirut uliua watu zaidi ya 200. Mwezi huo huo kundi la wanawake wa Kenya lilipiga kambi nje ya ofisi ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini humo, wakiomba warudishwe kwao.

Mtu akifungwa na mambo kama hayo, nafsi yake huanza kuchoka. Usingizi humpaa, chakula hakina ladha, moyo humwenda mbio bila kufukuzwa na mtu, na fikira humzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Watu wengine husema kwamba hayo si kitu, maadamu mwili ni mzima. Nadhani wanakosea, na mfano wa Singapore utatuonyesha kosa lao.

Katika kisiwa hicho wafanyakazi wa kigeni zaidi ya 300,000, wengi wao wajenzi kutoka Bangladeshi na Uhindi, walikuwa wakilala katika mabweni yenye vitanda vingi chumbani. Mwezi wa Aprili 2020 maradhi yaliingia humo, na mabweni yakafungwa. Wafanyakazi walipewa chakula na matibabu, na ingawa karibu nusu yao waliambukizwa mwaka huo, waliokufa walikuwa wachache sana. Lakini wenyeji wa mji waliporuhusiwa kutembea tena, wengi wa wajenzi hao waliendelea kuzuiwa bwenini, ila kwenda kazini na kurudi. Mwili uliokolewa, nafsi je? Mwishoni mwa mwaka huo serikali yenyewe iliunda kikosi maalumu cha kushughulikia afya ya akili ya wafanyakazi wale. Kama shida ya moyo isingekuwa kitu, kikosi hicho kingeundwa kwa ajili gani? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja akili pamoja na mwili katika kueleza maana ya afya. Nasi tulikuwa na neno hilo katika lugha yetu: heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Sasa turudi kwenye methali zetu. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, msichana mmoja darasani mwangu alinijia akilia. Mama yake alikuwa mtumishi ng'ambo. Mwaka mzima, kila alipopiga simu, mama alijibu, "Mimi ni mzima, mwanangu. Soma." Kumbe muda ule wote alikuwa halali usiku, wala hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Msichana alizijua habari hizo kwa mtu mwingine. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa nikimwuliza karo tu."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, fedha walizotuma nyumbani Wakenya walio nje mwaka 2020 zilipita dola za Marekani bilioni 3, nazo zilizidi zile za mwaka 2019. Sehemu kubwa ilitoka Amerika ya Kaskazini. Tulizipokea kwa shukrani. Lakini bahasha ya fedha haisemi aliyeituma alilalaje.

Labda utanijibu, "Mwalimu, mama yule alifanya vyema. Angesema, mtoto angefanya nini? Hakuwa na uwezo wa kufungua kiwanja cha ndege." Jibu lako lina nguvu, nami silidharau. Mzazi ana haki ya kumpunguzia mtoto mzigo. Lakini tazama tofauti hii. Mvumilivu hubeba mzigo wake hadharani, na mwenziwe akipita aweza kumtua. Mficha maradhi huufunika mzigo ili asiwepo wa kumtua. Methali ya kwanza haikumwamuru mtu kunyamaza. Ilimwamuru asikate tamaa. Na mtu akatizi tamaa upesi kama yule aliyebaki peke yake na siri yake. Kwa hiyo methali zile mbili hazigombani. Asemaye huzuni yake kwa mtu amwaminiye hajaacha kuvumilia. Amepata msaidizi wa kuvumilia naye. Na huzuni ikizidi nguvu za ndugu na rafiki, apelekwe kwa daktari, kama vile angepelekwa mwenye homa.

Tena, kosa la kuficha si la mfichaji peke yake. Nani aliyemfundisha kuficha? Ni sisi, tunaouliza karo, kodi na mabati kabla ya kuuliza hali, na tukijibiwa "mzima" tunaridhika upesi kwa sababu jibu hilo halitugharimu kitu.

Wala usidhani, ewe msomaji, kwamba mgeni yuko ng'ambo tu. Kati ya Aprili na Julai 2020 njia za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa. Yaya wengi walibaki katika nyumba za watu, mbali na watoto wao wenyewe, wakiwalea watoto wa wengine. Pengine mmoja wao alikuwa kwenu. Alikula chakula chenu, na alikuwa salama. Je, kuna aliyemwuliza kama amepata habari za mwanawe?

Basi leo jioni, ukiwa na ndugu aliye mbali, mpigie simu usimwombe kitu. Mwulize hali, na akikujibu kuwa ni mzima, ngoja kidogo kabla hujakata simu. Huenda akawa na neno la pili.