Kiharusi na Maana ya Subira

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Amma baad.

Katika maradhi yamfikayo mtu kwa ghafula, ni machache yamvunjayo moyo mwanamume kama kiharusi. Hulala mzima, akaamka upande mmoja hausikii amri yake: mkono umelegea, mguu mzito kama gogo, kinywa kimekwenda upande. Jana ndiye aliyelisha nyumba. Leo hulishwa kwa kijiko na kuoshwa na wanawe. Hapo watu humwambia, "Subiri." Neno hilo ni la haki, lakini maana yake yataka kuangaliwa, kwani wako waliolifanya kuwa jina jingine la kukata tamaa.

Kwanza, ugonjwa ujulikane. Wengi wa pwani hudhani ni upepo mbaya, au jini, au uchawi. Matabibu wamebainisha kuwa ni dhara ya ubongo: mshipa wa damu umezibwa na bonge la damu, au umepasuka. Sababu yake kubwa ni shinikizo la damu, ambalo huweza kumkaa mtu miaka mingi pasi na maumivu. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Hai tangu mwaka 2003 hata 2006 ulionyesha kuwa kiharusi katika Dar es Salaam kilizidi kiasi kilichopatikana katika nchi nyingi za matajiri. Basi si maradhi ya Wazungu, wala si ya mtu aliyerogwa.

Mtu wa Chalinze hukaa penye njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo, moja ikaenda Morogoro, na moja Segera hata Tanga. Siku ya kiharusi watu wake hufikiwa na njia panda nyingine: wampeleke wapi kwanza? Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu kuanza ugonjwa, baada ya kichwa kupigwa picha ili ijulikane kuwa mshipa haukupasuka. Muda huo ukiishia kwa mpunga majini, haurudi. Kumsomea mgonjwa dua njiani ni jambo jema; ubaya ni kumchelewesha.

Huenda mtu akasema: ikiwa ni kadari, ya nini kuhangaika? Ajibiwe kuwa ugonjwa ni kadari, na dawa nayo ni kadari, na Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu.

Tena, kupooza si alama ya kughadhibikiwa. Aban bin Uthman, mwana wa Khalifa wa tatu, aliyekuwa liwali wa Madina katika zama za Abdul-Malik bin Marwan, alipatwa na maradhi haya haya. Naye ndiye aliyepokea kwa baba yake hadithi ya dua ya asubuhi na jioni, ambayo aisomaye mara tatu hatadhuriwa na kitu. Mtu mmoja akamkazia macho kwa mshangao. Aban hakuficha uso wake, wala hakuikana hadithi, wala hakumtuhumu mtu. Alimjibu kuwa hadithi ni kama alivyoisema, ila siku ile yeye hakuisoma, ili ipite kadari ya Mungu.

Basi subira ni nini? Tazama hukumu ya Sala. Imran bin Huswain alikuwa mgonjwa, akamwuliza Mtume (S.A.W.) habari ya Sala yake, akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Faradhi haikuondoka, ilimfuata mpaka pale uwezo wake ulipobaki. Mja hadaiwi kwa mkono uliolegea, hudaiwa kwa kile alichobakiwa nacho.

Na ajabu ni hii: ngazi ashukayo mgonjwa katika Sala ndiyo apandayo katika kupona. Mtaalamu wa viungo humfundisha kwanza kugeuka kitandani, kisha kuketi, kisha kusimama, kisha hatua moja. Ubongo hujifunza njia mpya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi, na faida kubwa hupatikana katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo aketiye akijaribu kusukuma tasbihi kwa kidole kizito, punje moja kwa asubuhi nzima, huyo anasubiri. Ama ageukaye ukutani, akakataa mazoezi kwa kuona haya, huyo ameacha tu.

Walakini asilaumiwe kwa ukali. Huzuni kuu ni katika madhara ya ugonjwa huu, si upungufu wa imani, nayo yataka tiba. Na wako wasiopona kabisa, pamoja na juhudi zao zote. Hao nao hudaiwa kwa kilichobaki tu.

Sehemu ya deni hili i juu ya wazima. Watu wa baraza humzuru mgonjwa wiki ya kwanza, kisha mkewe akabaki peke yake kumwinua na kumgeuza. Wamwendee mwezi wa tatu na wa sita, wamshike kwapa atembee mpaka msikitini. Na akichelewa kutamka, wamngoje amalize neno lake. Kungoja huko nako ni subira.

Wallahu aalam.