Tende Mbili na Makopo Mawili ya Rangi

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuliza swali hili katika Tahafut al-Falasifa: mtu mwenye hamu ya tende amewekewa mbili zisizotofautiana kwa lolote, wala hawezi kuzitwaa zote. Je, abaki akizikodolea macho kwa kukosa sababu ya kuitanguliza moja? La, atatwaa mojawapo, kwani kazi ya irada ndiyo hiyo, kupambanua kitu na mfano wake. Ibn Rushd hakuridhika. Kwake yeye, mtu huyo hachagui tende hii dhidi ya ile; anachagua kula badala ya kutokula.

Chukua mfano wa binti anayemtayarishia chumba, jijini London, mama yake mjane atakayeletwa kutoka Mombasa. Ana makopo mawili ya rangi nyeupe: moja limetiwa tone la manjano, jingine tone la kijivu. Dukani zilikuwa tende mbili. (Kuta za chokaa ya matumbawe hazikumsumbua mtu kwa swali la weupe upi.) Ukutani ni mambo mengine. Dirisha linaelekea kaskazini, upande usiopata jua ila kwa nadra, na mwanga wake una ubuluu wa baridi. Chini ya mwanga huo weupe wa kijivu huwa kama jivu la jana, na ule wa manjano hutulia ukawa maziwa. Basi sababu ipo, na jicho limekwisha kuiona tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo binti ananunua kopo la tatu la kujaribia, kisha la nne. Kaka yake anamwambia apake yoyote, mradi chumba kiwe tayari. Bila kujua, amesimama upande wa Ibn Rushd. Naye Ibn Rushd ana haki hapa kuliko kaka anavyodhani. Kinachopimwa na mabaka yale manne ukutani ni kupaka au kutopaka, na kupaka ni kukiri kwamba nyumba ya Mombasa itafungwa. Anayesitasita hivyo huitwa mchaguzi, pengine hata mdekaji. Huenda yeye ndiye pekee katika familia ambaye bado hajalimaliza shauri ambalo wengine wamelipitisha kwa simu.

Mama hajaulizwa rangi. Hajaulizwa pia kama anataka kuja.