Bibi Aliponyamaza: Kununua Nyumba au Kupanga?

Huenda wewe na mwenzi wako mwaishi kwa kupanga Kilimani au Kileleshwa, pale Nairobi. Kazi iko karibu, shule ya watoto iko karibu, na kila mwanzo wa mwezi mwampelekea mwenye nyumba pesa ambazo hamtaziona tena. Jioni moja bwana anasema, "Tunamjengea mtu mwingine. Tununue." Bibi ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko nataka tukutazame, lakini kwanza tufanye hesabu.

Tuseme fleti yauzwa shilingi milioni 12, nanyi mwaipanga kwa 75,000 kwa mwezi. Mmejikusanyia milioni 2, benki inawakopesha 10. Kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 20, mtalipa karibu shilingi 124,000 kila mwezi, na mkimaliza mtakuwa mmeipa benki karibu milioni 30. Tena kuna ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, kuna wakili, na kuna ada ya mlinzi na lifti isiyokwisha hata deni likiisha. Basi anayesema kodi ni pesa za kutupa, aseme pia riba ni nini.

Hata hivyo, bwana hasemi upuuzi. Mpangaji hulala kwa hiari ya mtu mwingine. Mwenye nyumba akiuza, watoto wanahamishwa katikati ya muhula. Na uzeeni, mshahara ukikatika, kodi haikatiki.

Sasa turudi kwa bibi. Kati ya kodi na mkopo pana tofauti ya karibu shilingi 49,000. Zitatoka wapi? Mara nyingi mume hulipa benki, na mke, kwa mshahara wake au kwa biashara yake ndogo, hubeba yaliyobaki: unga, karo, yaya, dawa za mama mkwe kijijini. Vyakula huliwa vikaisha. Risiti zake hakuna aziwekaye. Baada ya miaka kumi jina lililo kwenye hatimiliki ni moja, na siku ya ugomvi neno linatoka: "Hii ni nyumba yangu." Je, aliyelisha nyumba hiyo hakuinunua?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango. Inasema pia kwamba nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kuwa ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja sharti aonyeshe alichochangia. Ndiyo maana jambo hili huamuliwa mapema, mkiwa bado mnapendana na kucheka pamoja.

Wewe bwana, jiulize pia unamnunulia nani. Kama ni kwa ajili ya wenzako kazini wapate kujua unakoishi, basi ni kiburi tu, na bei yake ni miaka 20. Wako waliochagua kuendelea kupanga mjini na kununua kiwanja Kitengela au Ruiru polepole. Njia hiyo ni nzuri kwa wenye nidhamu. Wengi wetu (nami nimo) tukibakiwa na 49,000 huzila bila kujua zimekwenda wapi.

Basi watoto wakishalala, wekeni mezani karatasi za mshahara zote mbili, na ile ya mkopo wa ushirika mliofichana. Andikeni anayelipa nini, na unga uandikwe. Mkikubaliana kununua, majina yote mawili yaingie kwenye hatimiliki. Na wewe bwana, siku hiyo mwache bibi azungumze kwanza, hadi amalize.