Aliyetumwa

Kijana mmoja mpenda mashairi alinijia baada ya sala ya alasiri, akaniuliza: "Ami, nitajuaje nilichoumbiwa?" Alikwisha kushika kazi tatu na zote akaziacha, kila mara akihofu kwamba anaishi siku zisizo zake. Alichokiogopa hasa ni kufa kabla ya kujijua.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hata hivyo, naona imesimama juu ya dhana dhaifu, kwamba kusudi la maisha ni hazina iliyofukiwa mahali, na asiyeifukua ameishi bure. Dhana hiyo nataka kuipima kwa maisha ya mwanamke mmoja wa kisiwa hiki cha Unguja.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavichukua hadi mjini na kuvinadi. Husimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia mbele yake, wanunuzi wakamjua kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko wanamuziki walimfunza kuimba pamoja na ala, na watu wakampa jina la heshima: Siti. Ndiye Siti binti Saad. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kutiwa sauti katika santuri. Wimbo wake wa "Kijiti" ulimlilia mwanamke aliyeuawa, ukainung'unikia na hukumu ya mahakama.

Je, kipaji hicho alikifukua lini? Alipokuwa akinadi, alichokitafuta ni mtu wa kununua chungu. Walioitambua sauti ile ni waliokuwa wakiisikiliza, kwa kuwa sikio la mtu haliisikii sauti yake kama wanavyoisikia wenzake. Kijana wangu alijifungia na nafsi yake akiihoji, ilhali jibu huenda liko kwa jirani.

Msomaji ataniuliza: na wale walionadi vyungu maisha yao yote, sauti zao zikaishia njiani? Hao ndio wengi, na jibu lisilowaenea hao halitufai. Mimi nasema chungu kilichopikiwa uji wa mgonjwa kimetimiza kazi yake, na mikono iliyokifinyanga haikuishi bure. Santuri ilieneza sauti ya Siti hadi ng'ambo. Lakini kabla ya santuri, alikuwa tayari na kazi yenye manufaa kwa watu, naye akiifanya kwa sauti yake yote.

Kazi ya kufasiri imenizoesha kuchungulia ndani ya maneno. Neno "mtumwa" limebeba uchungu wa historia yetu, nami sitaki kuupunguza hata chembe. Hata hivyo shina lake ni kutuma, na katika shina hilo hilo limechipua neno "mtume". Wote wawili wametumwa. Kinachowatenga ni nani aliyetuma, na kama aliyetumwa ameitika kwa hiari. Anayetumwa kwa nguvu ya mwenziwe amefungwa kongwa. Anayetumwa na haja ya wenziwe, naye akaitika kwa moyo, amebeba amana. Binti wa Fumba alipewa jina lenye maana ya kwanza, akaliishi kwa maana ya pili.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: "Acha kwanza kuuliza umeumbiwa nini. Uliza nani anakuhitaji leo, na ni kazi gani ukiifanya watu hugeuka kusikiliza."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na wasipogeuka, Ami?"

"Wasipogeuka," nikamjibu, "hakikisha chungu hakivuji."