🌙 TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Tunamfunza mtoto kwa faida ya nani?



Ndugu zangu, leo tuwazungumzie watoto wenye usonji. Pengine umemwona mmoja kwenye tarawehe: spika ikinguruma anaziba masikio na kupiga kelele. Watu wanageuka kumtazama mama yake. Kesho yake mama haji tena.

Ipo tiba ya tabia kwa watoto hawa. Mmoja wa walioijenga ni Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Miaka ya 1960 alikuwa na watoto waliojiumiza wenyewe, wengine hawasemi hata neno. Yeye aliamini wanaweza kujifunza. Nia njema kabisa. Lakini pamoja na zawadi, alitumia makofi na hata shoti za umeme. Mwaka 1987 alitoa matokeo ya watoto 19 waliofunzwa takriban saa 40 kwa wiki: 9 walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida.

Sasa jiulize: matunda yakiwa mazuri, basi njia yoyote ni halali?

Hebu tuitazame saumu yetu. Nayo si mafunzo ya tabia? Tumbo linafunzwa, ulimi unafunzwa. Lakini aliyetufaradhishia hana haja na njaa yetu. Faida ni ya mfungaji. Tena katika Suratul Baqara, palepale penye amri ya kufunga, mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa. Uwezo wa mtu umezingatiwa.

Hiyo ndiyo mizani: anayefunzwa anafaidika? Na uwezo wake umeangaliwa?

Mtaalamu mzuri wa leo haanzi kwa kukemea. Anauliza kwanza: nini kilitokea kabla ya ile tabia, na nini kilifuata? Maana tabia ni usemi. Anayeziba masikio anasema, "Kelele hii inaniumiza." Basi anafunzwa kuonyesha picha au ishara ya kuomba kutoka nje. Kumfunza kuvuka barabara, kujisafisha chooni, kusema "naumwa", hiyo ni faida yake. Lakini kumlazimisha atulize mikono anayoipepea, isiyomdhuru yeyote, eti watu wasitushangae? Hapo tunatibu aibu yetu. Wapo watu wazima wenye usonji wanaosema tiba iliwafunza kuficha maumivu tu.

Utasema, "Lakini msikiti una adabu zake, na wanaoswali wana haki yao." Kweli, na mtoto afunzwe adabu kwa kadiri anavyoweza. Ila kumbuka, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisikia mtoto analia, anaifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Hakusubiri mtoto abadilike kwanza.

Basi leo usiku ukisikia sauti ya mtoto nyuma yako, usigeuke. Baada ya swala mpe mzazi wake salamu, umwambie, "Kesho mje tena." Na viongozi wa msikiti, spika ikipunguzwa kidogo, swala haipungui kitu.

Yaa Allah, wape subira wazazi wa watoto hawa, wape huruma wanaowatibu, na utulainishie nyoyo zetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.