Nusu Shari na Chama cha Tatu

Wahenga walisema, afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Wakasema tena, mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi mbili twazifundisha madarasani mwaka hata mwaka, na mafunzo yake yanakaribiana: mtu mwenye busara haringi mbele ya vitu vichache alivyowekewa, huchukua kilicho afadhali, akaendelea na safari yake. Katika mambo ya sokoni na ya nyumbani hekima hiyo yatosha. Je, yatosha pia mbele ya sanduku la kura? Mtu akikuta vyama viwili tu vyenye uwezo wa kushinda, na vyote viwili vimelikubali jambo ambalo dhamiri yake inalikataa, ni wajibu wake kuchukua nusu shari? Au ana haki ya kumpa kura mtu wa tatu, hali akijua fika kwamba mtu huyo hatashinda?

Swali hili ni la zamani, na nchi ambayo imeishi nalo muda mrefu ni Marekani. Tutalitazama huko kwanza, kisha tuone lina neno gani kwetu.

Yafaa tuanze kwa kuuliza vyama viwili hutoka wapi. Katiba ya Marekani haikuagiza viwe viwili. Haikuvitaja vyama hata mara moja. Kinachovizaa ni kanuni ya kuhesabu kura. Mahali ambapo kiti ni kimoja, na anayeongoza hukichukua hata kama hakufikia nusu ya kura, wa pili na wa tatu huondoka mikono mitupu sawasawa. Mtaalamu wa Kifaransa, Maurice Duverger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, alieleza kwamba kanuni hiyo hufanya kazi mara mbili. Kwanza hufanya kazi katika hesabu: chama cha tatu hupata viti vichache mno kwa kulinganisha na kura zake. Kisha hufanya kazi moyoni: wapiga kura, wakiisha kuiona hesabu hiyo, huogopa kupoteza kura zao, wakakimbilia kwa mmoja wa wakubwa wawili. Mwaka 1992 Ross Perot aligombea urais wa Marekani nje ya vyama hivyo viwili, akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, yaani kura zaidi ya milioni 19. Katika kura za wajumbe, ambazo ndizo zimwekazo rais, hakupata hata moja.

Tusiubeze mfumo huo bure. Una faida zake. Serikali huundwa upesi, na mwananchi hujua ni nani wa kulaumiwa mambo yakiharibika, na ni nani wa kumweka mahali pake. Wala vyama viwili vinapogombana hapana hasara; katika magomvi yao mwananchi husikia mengi. Hasara ipo vinaponyamaza pamoja. Jambo ambalo wakubwa wote wawili wamekubaliana kutoligusa halina mlango wa kuingilia barazani.

Katika Marekani ya mwaka 1844 jambo la namna hiyo lilikuwa utumwa. Chama cha Democratic kilimsimamisha James Polk wa Tennessee, na chama cha Whig kikamsimamisha Henry Clay wa Kentucky. Wote wawili walimiliki watumwa. Hata hivyo hawakuwa sawa. Polk alitaka waziwazi nchi ya Texas, iliyokuwa ikiruhusu utumwa, iunganishwe na Marekani. Clay hapo kwanza alipinga isiunganishwe kwa haraka, akihofia vita na Mexico. Baadaye, akizitafuta kura za kusini, akaanza kulegeza maneno yake. Kwa mpinga utumwa, basi, Polk alikuwa shari kamili na Clay nusu shari.

Akatokea wa tatu. James Birney naye alikuwa bwana wa watumwa zamani, lakini aliwaacha huru, akawa mgombea wa chama kidogo kilichoitwa Liberty, yaani Uhuru. Alipata kura zipatazo 62,000 katika nchi nzima, wala hakushinda jimbo hata moja. Lakini katika jimbo la New York alipata kura zaidi ya 15,000, na Polk alimshinda Clay hapo kwa kura 5,000 na kidogo. New York ilikuwa na wajumbe 36. Hesabu ya mwisho ilikuwa wajumbe 170 kwa Polk na 105 kwa Clay. Kama New York ingalimwendea Clay, yeye ndiye angalikuwa rais, kwa wajumbe 141 dhidi ya 134. Theluthi moja tu ya wafuasi wa Birney katika jimbo hilo wangalichukua nusu shari, Polk asingaliiona ikulu.

Texas ikaunganishwa mwaka 1845, ikiwa jimbo la utumwa. Mwaka uliofuata vita na Mexico vikaanza. Hesabu ya watu ya mwaka 1850 ilikuta watumwa wapatao 58,000 katika Texas. Ile ya mwaka 1860 ikakuta zaidi ya 182,000.

Hapo ndipo penye uchungu wa swali letu. Aliyempigia Birney kura katika New York hakulipa yeye gharama ya kura yake. Waliolipa ni watu waliochukuliwa kwenda kulima pamba katika mashamba ya Texas, ambao hawakuulizwa neno wala hawakuwa na kura. Whig hawakukawia kuwalaumu wafuasi wa Birney, na lawama hiyo si nyepesi. Mtu aweza kuwaambia: ninyi mlitoka kituoni na dhamiri safi, lakini usafi wenu ulinunuliwa kwa mgongo wa mwingine.

Lakini tuusikilize na upande wa pili. Mtetezi wao aweza kujibu hivi. Kura haisemi neno la siku moja tu. Chama kikijua kwamba utakichagua hata kikufanyie nini, hakina sababu ya kukusikiliza. Clay aliwageukia wapiga kura wa kusini kwa kuwa hao waliweza kumkimbia; wapinga utumwa nao, wasipokuwa na pa kukimbilia, nani angejisumbua kuwabembeleza? Tena, mwenye kuridhika na nusu shari leo, kesho huletewa nusu iliyo kubwa zaidi, naye huipokea, maadamu yule mwingine ni mbaya kuliko huyu. Mwisho wake nusu shari ya mjukuu ni kubwa kuliko shari kamili ya babu.

Historia iliwapa watetezi hao haki kwa sehemu. Mwaka 1848 wengi wa chama cha Liberty waliungana na watu waliochoshwa na vyama vikubwa, wakaunda Free Soil, yaani Ardhi Huru, kilichopata kama asilimia 10 ya kura za urais. Mwaka 1854, sheria ya Kansas na Nebraska ilipoyafungulia utumwa maeneo mapya, chama cha Whig kilisambaratika na chama cha Republican kikazaliwa. Mwaka 1860 Abraham Lincoln akashinda kwa kura zisizofika asilimia 40, kwa kuwa wagombea walikuwa wanne. Mtu mmoja, Salmon Chase, aliipita njia hiyo yote kwa miguu yake: alikuwa wa Liberty, akawa wa Free Soil, akawa wa Republican, akawa waziri wa fedha wa Lincoln na hatimaye jaji mkuu. Desemba 1865 utumwa ulifutwa katika katiba, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu zaidi ya 600,000.

Je, kura ya Birney ilipotea? Nionavyo mimi, haikupotea, wala haikuwa safi. Ilichangia kumweka Polk, na ilichangia kukuza chama kilichokuja kumweka Lincoln. Mtu asiyekubali yote mawili hajaitazama sawasawa. Asemaye kwamba kura ya chama cha tatu ni bure, amesahau Lincoln. Asemaye kwamba haina hatia, amewasahau watumwa wa Texas.

Miaka 156 baadaye jambo lile lile lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo la Florida kwa kura 537, na jimbo hilo ndilo lililoamua urais, ijapokuwa Gore alikuwa amemzidi kwa kura zaidi ya nusu milioni katika nchi nzima. Ralph Nader, mgombea wa chama cha Green, alipata Florida kura 97,488. Mwaka 2004 aligombea tena, safari hii bila ya chama hicho, wala hakufikia asilimia moja. Hapakuzaliwa chama kipya. Vyama vikubwa vilibaki vile vile viwili. Gharama ililipwa, na bidhaa haikuonekana.

Tukiiweka mifano hii miwili pamoja, twapata mizani ya kupimia. Mtu atakaye kumchagua wa tatu na ajiulize kwanza: tofauti ya hawa wawili ni kubwa au ndogo, na ikiwa kubwa, ni nani atakayelipa nikikosea? Ikiwa mlipaji ni mimi mwenyewe, nina uhuru mpana. Ikiwa ni mtu dhaifu kuliko mimi, uhuru wangu unapungua. Kisha ajiulize: kesho yake nitafanya nini? Wafuasi wa Birney hawakurudi nyumbani kulala. Waliandika, walihutubia, walijenga chama, wakakivunja, wakajenga kingine. Kura ya namna hiyo ni tofali. Kura ya mtu atakaye tu kuionyesha hasira yake, kisha asionekane tena mpaka uchaguzi ujao, ni jiwe lililotupwa gizani.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Kanuni ya anayeongoza kuchukua kiti twaijua hapa Afrika Mashariki, na madhara yake tumeyaona. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 1992 Rais Moi alirudi madarakani kwa kura kama asilimia 36, huku wapinzani wake wakuu watatu, Matiba, Kibaki na Odinga, wakigawana zaidi ya asilimia 60. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikataka rais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo urudiwe baina ya wawili wa mbele. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikwisha kuweka sharti kama hilo. Palipo na duru ya pili, mwananchi aweza kuifuata dhamiri yake kwanza, kisha akachukua nusu shari baadaye.

Na hapa twafika kwenye jambo ambalo methali zetu mbili hazikuligusa. Mwenye kuchagua kati ya shari mbili hulazimika kuuliza ni nani aliyeziweka mezani mbili tu. Australia iliona mapema, ikaweka kwa sheria ya mwaka 1918 kura ya kupanga wagombea kwa daraja, ili kura ya aliyeshindwa imwendee anayefuata katika karatasi ile ile. Jimbo la Maine katika Marekani lilianza kutumia njia kama hiyo katika uchaguzi wa bunge la taifa mwaka 2018. New Zealand, ambako mwaka 1981 chama cha Social Credit kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na viti 2 tu kati ya 92, iliamua kwa kura ya maoni ya mwaka 1993 kugawa viti kwa uwiano wa kura, na mwaka 1996 ikapiga kura kwa mfumo mpya. Njia hizi nazo zina kasoro zake. Ubelgiji, yenye vyama vingi, ilikaa siku 541 bila serikali kamili katika miaka ya 2010 na 2011, wakubwa wake wakishindwa kupatana. Lakini ni kasoro za kutunga sheria, nazo hutibiwa kwa sheria. Mpiga kura hatwishwi mzigo wote kwa siku moja.

Sisi walimu wa Kiswahili tunajua kwamba neno kura limetoka katika Kiarabu, na kwamba hapo zamani kupiga kura kulikuwa kuiachia bahati iamue. Mwenye kupiga kura ya namna hiyo hakuwa na lawama, kwani si yeye aliyechagua. Neno limebaki, na mzigo umebadilika. Leo mpiga kura ndiye mwenye kuchagua, na anayeichukua nusu shari huichukua kwa mkono wake, kama vile anayeikataa anavyoikataa kwa mkono wake. Wote wawili na wasione haya kusema walichofanya na kwa nini. Kisha, yakiisha matokeo kutangazwa, waungane kuidai ile kanuni ambayo itawapunguzia watoto wao uchaguzi mchungu kama huo.