Kisu na Subira

Kila goti la mwanadamu lina vipande viwili vya gegedu, vyenye umbo la hilali, vilivyokaa baina ya mfupa wa paja na muundi ili kupokea uzito wa mwili. Kimoja kikichanika, mwenye goti hukabiliwa na swali ambalo kwa sura ni la tiba, lakini kwa undani ni la maadili: akubali kisu, au astahimili?

Wengi hudhani kuwa kukubali kisu ni ushujaa, na kungoja ni uzembe. Dhana hii yatokana na heshima kubwa mno tuliyo nayo kwa tendo lionekanalo kwa macho. Mwaka 2013 wataalamu wa Ufini walitangaza matokeo ya jaribio zito. Wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, ambao gegedu zao zilichanika kwa uchakavu wala si kwa ajali, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walikatwa sehemu iliyochanika. Wengine waliigiziwa upasuaji tu, wakatoka na makovu yale yale. Wote walikuwa wameridhia mapema kutojua watakalotendewa. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, wala hapakuonekana tofauti ya maana baina yao.

Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Je, yampasa daktari kukata kwa kuwa mkato hufariji? Nasema hapana. Wale wa Ufini walijua kwamba huenda wakaigiziwa. Mgonjwa wa kila siku hajui, naye hulipia tumaini kwa fedha na kwa mwili. Tena gegedu lililoondolewa halioti upya, na tangu 1948 Fairbank wa Uingereza alikwisha kueleza jinsi goti lililopokonywa gegedu libadilikavyo.

Walakini subira nayo ina mipaka yake. Yuko kijana aliyepinda mguu uwanjani, kipande kikabanwa hata goti likakataa kunyooka. Kumwambia huyo angoje ni kumdhulumu. Ukingo wa nje wa gegedu hupata damu, na mshono waweza kushika hapo. Thomas Annandale alishona gegedu la mchimba madini huko Edinburgh mwaka 1883.

Liko jambo lisemwalo kwa nadra. Pumziko lina bei, na bei hiyo si sawa kwa watu wote. Mwalimu aketiye kitini aweza kupumzisha goti na kufanya mazoezi ya kuimarisha paja kwa miezi mitatu. Mchukuzi wa magunia akiambiwa vivyo hivyo, watoto wake ndio watakaofunga. Basi huona kisu kuwa njia ya mkato. Ni haki yake kuelezwa, kabla hajatia sahihi, kwamba baada ya mshono atatembelea magongo kwa majuma kadhaa, na kwamba gunia litamngoja kwa miezi.